Pima Gunia Kabla ya Punje: Klorini Iliyofichika na Kahawa ya Uru

Tarehe 29 Mei 2006 Japani ilianza kutumia utaratibu mpya kuhusu mabaki ya viuatilifu katika vyakula vinavyoingia nchini humo. Kiuatilifu ambacho hakijawekewa kiwango chake mahsusi kwa zao fulani hakiruhusiwi kuzidi sehemu 0.01 katika milioni. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni yake namba 396 ya mwaka 2005, unashika kikomo hichohicho. Kwa hesabu ya ghalani, gunia la kahawa safi la kilo 60 halitakiwi kubeba zaidi ya miligramu 0.6 ya dawa ya namna hiyo, uzito wa punje kama kumi za chumvi ya mezani. Jambo hili linatugusa sisi wa mlimani moja kwa moja. Wajapani ni wateja wa siku nyingi wa kahawa yetu, na kwao neno Kilimanjaro huchapwa kwenye pakiti kama jina la kinywaji, kiasi kwamba wako wanaolijua kwa ladha kabla hawajajua kuwa ni mlima.

Mwaka 2008 majirani zetu wa Ethiopia waliona makali ya kikomo hicho. Wakaguzi wa Japani walikuta katika kahawa ya Ethiopia mabaki ya dawa za zamani zenye klorini, zikiwemo lindani na klorodeni, na biashara kati ya nchi hizo mbili ikaporomoka. Kilichoshangaza ni kwamba wakulima wengi wadogo wa Ethiopia hawanyunyizii kahawa yao dawa yoyote. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye magunia ya juti. Mwaka huohuo nchini Uganda, DDT ilipopuliziwa kwenye kuta za nyumba katika wilaya za Apac na Oyam ili kuua mbu wa malaria, wanunuzi wa mazao ya kilimo hai walisita kuchukua mazao ya huko na suala likafika mahakamani. Mkulima wa kule hakuwa amelinyunyizia shamba lake DDT. Ila anahifadhi mavuno ndani ya nyumba anamolala.

Kutokana na visa hivyo viwili ninajenga hoja moja. Tumezoea kuamini kwamba sumu katika kahawa hutoka shambani, na kwa hiyo mahali pa kuitafuta ni ndani ya punje. Mimi nadai kwamba kwa eneo kama Uru, hapa kwetu mlimani Kilimanjaro, mahali pa kwanza pa kuitafuta ni kwenye gunia, sakafu ya ghala na mbao za kuanikia, na kwamba kipimo kinachofaa kwa kazi hiyo ni kile kinachohesabu klorini yote iliyoshikana na kaboni, bila kuuliza jina la dawa, kwa kutumia umeme. Kipimo hicho ni cha zamani kidogo, na baadhi ya wanakemia wa leo hukidharau. Naona wanakidharau kwa sababu wanakipeleka mahali pasipo pake.

Kwanza tuangalie kwa nini klorini. Kahawa ya Uru hukua chini ya migomba, kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, vinavyonyweshwa kwa mifereji yetu iitwayo mifongo, na tangu wakati wa chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1925, kisha chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichofuata miaka ya 1930, kupambana na magonjwa na wadudu kumekuwa sehemu ya kazi ya ushirika. Kutu ya majani na chulebuni zilipigwa kwa dawa za shaba, na baadaye pia kwa klorothaloni. Bungua weupe, wanaotoboa shina, walipigwa kwa dieldrini iliyopakwa au kunyunyizwa kwenye gome. Ruhuka, anayeingia ndani ya tunda, alipigwa kwa endosulfani. Wengi wa wazee waliopo hapa walipokea pembejeo hizo kwenye ghala la chama cha msingi, jengo lilelile walipopeleka kahawa yao ya maganda ipimwe. Sasa tazameni dawa hizo kwa macho ya mwanakemia. Nusu ya uzito wa DDT ni klorini. Lindani ni klorini kwa asilimia 73, dieldrini karibu 56, klorothaloni 53, endosulfani 52, na hata klopirifosi, iliyopigwa marufuku Ulaya mwaka 2020, ni asilimia 30. Dawa hizi zinatofautiana kwa umbo, kwa kazi na kwa miaka zilipotumika. Kinachoziunganisha ni kwamba zote zimebeba klorini nyingi, na klorini hiyo imeshikwa na kaboni kwa kifungo ambacho viumbe wa udongoni hukifungua kwa shida. Ndiyo maana nyingi kati yake zimo katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Endosulfani iliongezwa mwaka 2011.

Kipimo chenyewe nitakieleza hatua kwa hatua, kwa sababu ubora wake na udhaifu wake vyote vimo katika hatua hizo. Kipande cha gunia hukatwa na kulowekwa katika heksani, kiyeyushi kinachofanana na petroli nyepesi. Heksani huzoa vitu vya asili ya mafuta, zikiwemo dawa hizi, na huiacha chumvi. Kisha heksani hiyo husukwasukwa pamoja na maji yenye nitrati na asidi kidogo ya nitriki, ili kloridi yoyote iliyopenya, ya jasho la mikono au ya chumvi iliyomwagika, ihamie kwenye maji na kumwagwa. Kinachobaki hupunguzwa kwa kukaushwa taratibu, na kiasi kidogo hudungwa kwa sindano ndani ya mrija wa kwatzi uliomo katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1000, huku oksijeni ikipita. Humo kila kitu huungua. Kaboni hutoka ikiwa kaboni dayoksaidi, haidrojeni hutoka ikiwa mvuke, na klorini, iwe ilitoka kwenye DDT au kwenye dawa ambayo hakuna anayeikumbuka, hutoka ikiwa haidrojeni kloridi. Gesi hupitishwa kwenye asidi ya sulfuriki iliyokolea ili ikauke, kisha huingia kwenye chombo cha kioo kisichozidi ukubwa wa kikombe cha kahawa.

Ndani ya chombo hicho mna asidi ya siki na maji, pamoja na ioni za fedha chache mno zinazoelea. Kloridi ikiingia hukamata fedha, ioni moja kwa ioni moja, na kutuama ikiwa unga mweupe. Elektrodi mlinzi huhisi papo hapo kwamba fedha imepungua, na mashine huipa mkondo elektrodi ya pili, iliyotengenezwa kwa fedha tupu, itoe ioni mpya mpaka pengo lizibwe. Mashine haipimi uzito wala rangi. Inahesabu umeme uliotumika kuziba pengo. Michael Faraday alikwisha kuonyesha mwaka 1834 kwamba umeme na madini yanayoyeyuka kwenye elektrodi hufuatana kwa uwiano usiobadilika, na leo tunajua kwamba kulombi 96,485 zinalingana na gramu 35.45 za klorini. Kwa hiyo mikrogramu moja ya klorini, sehemu moja ya milioni ya gramu, ni milikulombi 2.72: mkondo wa miliampia moja kwa muda wa sekunde 2.7. Kiasi ambacho mizani ya maabara ya shule haikioni kabisa, umeme unakisoma kwa utulivu.

Maelezo ya chombo cha namna hii yalichapishwa mwaka 1960 nchini Marekani na Dale Coulson na Leonard Cavanagh, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa hiyohiyo ya kutafuta mabaki ya viuatilifu. Kabla yake, Wolfgang Schöniger alikuwa ameonyesha mwaka 1955 jinsi ya kuunguza sampuli ndani ya chupa iliyojaa oksijeni, na mapema zaidi, mwaka 1872, Friedrich Beilstein alikuwa ameeleza jaribio rahisi kuliko yote: unachovya waya wa shaba uliochomwa kwenye kitu unachokishuku, unaurudisha motoni, na moto ukigeuka kijani kuna klorini. Jaribio la Beilstein lingewavutia walimu wetu kwa sababu halina gharama. Lakini kwa Uru lingetudanganya. Dawa ya shaba iliyotumika zaidi kwenye kahawa, oksikloridi ya shaba, imebeba klorini yake yenyewe, karibu asilimia 17, na gunia lililowahi kukaa karibu na pampu ya kunyunyizia lingewaka kijani bila kuwa na chembe ya DDT. Klorini hiyo ya dawa ya shaba haikushikwa na kaboni. Haiyeyuki kwenye maji matupu, ila asidi kidogo huifungua, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutia asidi ya nitriki kwenye maji ya kusuuzia. Anayeiruka hatua hiyo atalitia hatiani ghala zima la chama kwa kosa la dawa halali.

Sasa kuna pingamizi, na la kwanza ni zito kuliko mengine. Mwanakemia wa kisasa atasema: kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektromita ya masi inanipa jina la kila dawa na kiasi chake hadi chini ya 0.01, jumla ya klorini hainipi jina lolote, na kwenye punje ya kahawa haifiki hata karibu ya kikomo hicho. Ana haki kwa sehemu zote mbili. Tufanye hesabu. Gramu 10 za punje zenye DDT kwa kiwango cha 0.01 zina mikrogramu 0.1 ya DDT, yaani mikrogramu 0.05 ya klorini. Heksani yenyewe, vyombo na hewa ya maabara vinaweza kuleta klorini inayolingana na hiyo, na punje ina kloridi yake ya asili, ile ya chumvi za mmea, iliyo maelfu ya mara zaidi. Atakayedai kupima kikomo cha Japani ndani ya punje kwa jumla ya klorini anajidanganya, au anauza mashine.

Ila geuzeni hesabu hiyohiyo kwa upande wa gunia. Ili kilo 60 za kahawa zipate miligramu 0.6 ya sumu, na gunia tupu la juti lina uzito usiofika hata kilo moja na nusu, gunia lazima liwe limebeba kiasi kikubwa kuliko hicho, kwa kuwa si sumu yote itakayohama. Tuseme theluthi moja tu imehama. Basi gunia lilikuwa na miligramu 1.8, yaani zaidi ya miligramu moja kwa kila kilo ya juti, ukolezi unaozidi ule wa punje mara mia na zaidi. Gramu 10 za gunia hilo, kama sumu ni DDT, zina klorini ya mikrogramu 6 hivi, na chombo kitatumia milikulombi kama 16. Hapo hakuna ubishi tena na vumbi la maabara. Sumu inapotoka kwenye chombo kwenda kwenye chakula, ukolezi wake uko juu kwenye chombo na chini kwenye chakula. Kipimo kinachoshindwa kwenye chakula kinatosha kwenye chombo. Hiyo ndiyo nguzo ya hoja yangu, na haihitaji mtu aamini zaidi ya kuzidisha na kugawanya.

Kuhusu jina, nadhani lawama inapaswa kugeuzwa. Mashine inayotoa majina hutoa majina ya vitu ilivyofundishwa kuvitafuta. Ni sawa na mwalimu anayeita mahudhurio: asiyeandikwa kwenye daftari haitwi, hata kama ameketi dawati la mbele. Maabara hununua sampuli halisi ya kila dawa ili kuifundisha mashine, na dawa zilizokwisha kuondolewa sokoni miaka 40 iliyopita, pamoja na mabaki yaliyotokana nazo, huwa za kwanza kuondolewa kwenye orodha bajeti ikibana. Jumla ya klorini haina orodha. Ushahidi mkubwa wa jambo hili haukutoka kwenye kilimo, ulitoka kwenye mafuta. Mwezi Aprili 2019 mafuta ghafi ya Urusi yaliyopita kwenye bomba la Druzhba kuelekea Belarus, Poland na Ujerumani yalikutwa na kloridi za kikaboni zilizozidi mara nyingi kikomo cha sehemu 10 katika milioni, na bomba likafungwa. Viwanda vya kusafisha mafuta havikuhitaji kwanza jina la kiyeyushi kilichoingizwa. Vilihitaji namba moja ya kusema simama, na namba ya namna hiyo ndiyo kipimo hiki hutoa.

Pingamizi la pili ni la asili. Viumbe nao hutengeneza misombo ya klorini na kaboni. Inayojulikana ni zaidi ya 2,000, na mboji ya udongo wowote wenye rutuba ina klorini iliyoshikwa hivyo bila mkono wa mtu. Mtu wa Uru, mwenye udongo wa volkano uliorutubishwa na majani ya migomba kwa vizazi, ana kila sababu ya kuuliza kama kihamba chake hakitaonekana kichafu kwa sababu tu kina rutuba. Sehemu kubwa ya klorini hiyo ya mboji haichukuliwi na heksani, kwa hiyo tatizo ni dogo kuliko linavyoonekana. Hata hivyo nakubali: kwa udongo, kipimo hiki ni dhaifu, na nisingekitumia isipokuwa kwa kulinganisha udongo wa chini ya shina lililopakwa dieldrini na udongo wa hatua chache pembeni. Juti, mbao na saruji havina mboji. Hilo nalo linatusukuma turudi ghalani.

Pingamizi la tatu ni kwamba dawa nyingi hazina klorini kabisa. Ni kweli. Fenitrothioni, ambayo wakulima wa kahawa wanaifahamu, haina hata chembe, na gunia lililolowa fenitrothioni litapita kwenye kipimo hiki likiwa safi kama theluji ya Kibo. Kwa upande mwingine, bromini na iodini hukamata fedha kama klorini, kwa hiyo deltamethrini yenye bromini itahesabiwa pamoja. Florini, jirani yetu wa siku zote anayetia meno rangi ya kahawia huko tambarare na upande wa Meru, haihesabiwi, kwa kuwa floridi ya fedha huyeyuka majini. Yeye ana elektrodi yake, iliyoundwa na watafiti Frant na Ross mwaka 1966. Sidai basi kwamba gunia lisilo na klorini ni gunia salama. Nadai kwamba dawa zinazodumu miaka na miaka kwenye vyombo na majengo, ambazo ndizo zilizoiumiza Ethiopia, karibu zote ni za klorini. Zile zisizo na klorini kwa kawaida huoza mapema na hutoka shambani msimu huohuo, na huko kuna njia nyingine za kuzikamata.

Lipo pia pingamizi la fedha na la kuwa mashine itakaa wapi. Arusha tunayo maabara ya taifa ya viuatilifu, iliyokuwa TPRI na ambayo sheria ya mwaka 2020 iliingiza ndani ya mamlaka mpya ya afya ya mimea, TPHPA. Kwa nini tusipeleke kila kitu huko? Kwa sababu maabara yenye mashine ya majina hupima sampuli kwa muda na kwa gharama, na Uru peke yake ina magunia maelfu. Tanuri la kwatzi na chombo cha fedha ni mashine ndogo, haihitaji sampuli halisi ya kila dawa, na sheria yake ya kuhesabu ni ya Faraday, haibadiliki. Inatosha kila asubuhi kudunga myeyusho mmoja wa klorobenzini unaojulikana kiasi chake, kuona kama klorini yote imefika. Kazi hiyo mtu aliyesoma kemia ya ualimu, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki Mwenge hapa Moshi, anaweza kuifanya. Arusha wapelekewe magunia machache yaliyozidi, watupe majina.

Namna ya kuchukua sampuli itaamua kama jambo hili lina maana au ni maonyesho. Mavuno yetu huanza mwezi Julai, kwa hiyo upimaji ufanyike kabla, magunia yakiwa matupu. Gunia halichafuki sawasawa: sehemu iliyogusa sakafu hunyonya zaidi kuliko mdomo, na mshono hushika vumbi kuliko kitambaa. Kipande kimoja cha chini, kimoja cha katikati na kimoja cha mshono vinatosha, na vipande vya magunia 20 vinaweza kulowekwa pamoja. Namba ikitoka chini, 20 yamepita kwa kipimo kimoja, ikitoka juu, yanagawanywa kumi kumi, na kuendelea hivyo, mpaka gunia chafu lipatikane. Sakafu ya ghala ifutwe kwa pamba yenye heksani katika eneo la sentimita 30 kwa 30, hasa pembe zilipokuwa zikipangwa pembejeo, na mbao za kuanikia kahawa ya maganda zikwanguliwe kidogo kwa kisu.

Gunia litakaloonekana chafu lisichomwe kihambani. Moto wa kuni kwa kawaida haufiki nyuzi 1000 za tanuri la kwatzi, wala haupati oksijeni ya kutosha, na klorini inayoungua kwa moto hafifu mbele ya shaba, ambayo kwetu iko kila mahali, hutengeneza dayoksini na furani, sumu ambazo Mkataba wa Stockholm unazitaja pamoja na DDT yenyewe. Lifungwe ndani ya plastiki, liandikwe limetoka ghala gani, na likabidhiwe TPHPA pamoja na namba yake ya milikulombi.